Kisu cha kukunja cha bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaotaka kisu kimoja tu cha kukaa mfukoni kila siku, bila kutumia fedha nyingi. Nitarejea mara kwa mara kwenye visu viwili: Opinel nambari 8 ya Ufaransa na Okapi ya Afrika Kusini. Vyote ni vya bei ya chini, vyote vina historia inayozidi miaka mia, na ukivilinganisha unajifunza karibu kila unachopaswa kutazama kwenye kisu chochote kingine cha kukunja.

Kisu cha kila siku ni cha kazi gani hasa?

Kazi ndogo ndogo, nyingi: kumenya embe, kukata kamba ya katani au manila, kufungua boksi lililozungushiwa gundi, kupasua mfuko wa saruji, kuchonga penseli ya seremala, kukata nyanya na kitunguu ukiwa safarini. Kwa hayo yote bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha. Likizidi hapo linakuwa mzigo mfukoni, na watu wanaokuona ukilifungua wanaingiwa na wasiwasi.

Kupasua nazi, kuchanja kuni na kufungua makopo ya rangi si kazi zake. Kuna panga, kuna tindo, kuna bisibisi. Visu vingi vya kukunja haviharibikii kwenye kukata. Vinaharibika pale mtu anapokigeuza kisu kuwa mtaimbo, akakibinya pembeni mpaka ncha ikakatika au pini inayoshikilia bapa ikalegea.

Kwa nini nisinunue kile cha bei ya chini kabisa pale sokoni?

Unaweza kununua, lakini kikague kwanza. Shida ya visu vingi vya namna hiyo si kwamba vinakuwa butu upesi, maana ubutu unatibika. Shida ni loki isiyoshika. Kisu butu kinakuchosha, lakini kisu kinachojikunja chenyewe ukiwa unakata kinafungia kwenye vidole vyako. Kwa hiyo fedha kidogo unayoongeza, iongeze kwa ajili ya loki na pini, wala si kwa ajili ya rangi nyeusi au maandishi makubwa kwenye bapa.

Nikiwa dukani nikague nini?

Kifungue taratibu ukisikiliza kwa vidole. Mwendo uwe laini kutoka mwanzo hadi mwisho, usikwame njiani kisha ukaruka ghafla. Kikishafunguka, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa upande wa mgongo kwa mkono mwingine, halafu jaribu kulitikisa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kutikisika kidogo sana kushoto na kulia kunavumilika kwenye kisu cha bei nafuu. Kutikisika juu na chini kukiwa kumefungwa loki ni sababu ya kukirudisha kwenye rafu, kwa kuwa maana yake loki haikai mahali pake.

Baada ya hapo jaribu loki yenyewe. Shika mpini kwa namna ambayo hakuna kidole kilicho kwenye njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa kwenye soli ya kiatu chako mara mbili tatu, kwa nguvu ya wastani. Loki nzuri haitikisiki. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, angalau sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali.

Kifunge sasa ukitazame kutoka juu. Bapa likae katikati ya mpini, lisiguse upande wowote, na ncha izame ndani kabisa. Pitisha kidole kwenye ufa wa mpini: ukihisi ncha, kitakuchoma kila utakapoingiza mkono mfukoni. Kosa hili ni la kawaida kwenye visu vya bei ya chini, na wanunuzi wengi hawalifikirii mpaka suruali itoboke.

Mwisho geuza makali yatazame taa. Makali yaliyonolewa vizuri hayaakisi mwanga, kwa sababu hayana upana wa kuuakisi. Ukiona vimeta vidogo, hapo ni butu. Hilo lisikuzuie kununua, kwani utakinoa. Lakini tazama kama mistari miwili ya makali, upande huu na ule, ina upana unaofanana kutoka kitakoni hadi nchani. Ikiwa upande mmoja ni mpana na mwingine mwembamba, utahangaika sana kwenye kinoo.

Chuma gani ni kizuri?

Watu huuliza hili kwanza. Mimi ningeanza na wembamba wa bapa. Chukua karoti. Kisu chenye bapa nene la milimita 3 au 4, hata kiwe cha chuma cha thamani, kinaingia kidogo kisha kinaipasua kwa kuitanua. Bapa la Opinel nambari 8 halifiki milimita 2 mgongoni, na linapungua mfululizo mpaka kwenye makali, kwa hiyo linapita. Ndiyo maana kisu cha bei ya chini chenye bapa jembamba kinakata vizuri kuliko kisu kizito cha bei mara tano, kile kinachotangazwa kuwa cha kijeshi. Kama ungekumbuka jambo moja tu kutoka hapa, ningependa liwe hili, kwa sababu maduka hayalisemi kamwe: maduka huuza jina la chuma, kwa kuwa jina linaandikika kwenye boksi.

Sasa kuhusu chuma chenyewe. Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni chuma cha kaboni, kinachonoleka kwa urahisi na kushika makali makali sana, ila kinashika kutu. Opinel ya kaboni hutumia chuma kiitwacho XC90, chenye kaboni karibu asilimia 0.9. La pili ni chuma cha pua kisichoshika kutu upesi, ambacho huongezwa kromiamu. Opinel ya aina hii hutumia 12C27 ya Sweden. Kwa kisu cha mfukoni vyote viwili ni chaguo zuri.

Kwenye visu vya China utakutana na maandishi kama 3Cr13, 8Cr13MoV na D2. Tarakimu za mwanzo kwenye aina mbili za kwanza zinakupa fununu ya kaboni: 3Cr13 ina takriban asilimia 0.3, ni laini, itakuwa butu haraka. 8Cr13MoV ina takriban asilimia 0.8 na ni chuma cha heshima kwa bei yake kikichomwa na kupozwa ipasavyo. D2 inadumu na makali muda mrefu, ila ni ngumu kunoa kwa jiwe la kawaida na inaweza kupata madoa ya kutu. Bapa lililoandikwa tu kwamba ni stenlesi, bila jina la chuma, halijakuambia chochote.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vya mfukoni vingi viko kati ya 55 na 61. Victorinox, watengenezaji wa visu vya Uswisi, wako karibu na 56, yaani upande wa chini, na watu wamevitumia visu vyao maisha yao yote. Usipoteze usingizi kwa ajili ya namba hiyo.

Kwa nini unaisifu Opinel nambari 8?

Kwa sababu kila sehemu yake ina sababu ya kuwepo na hakuna ya ziada. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, akiwalenga wakulima na wafanyakazi. Kufikia mwaka 1897 kulikuwa na ukubwa wa aina 12, ukipewa namba 1 hadi 12. Nambari 1 na 11 ziliachwa baadaye. Nambari 8 ndiyo inayofaa mkono wa watu wengi: bapa la sentimita 8.5, mpini wa mbao, uzito wa gramu 45 hivi. Ukiwa nayo mfukoni unaweza kusahau kwamba ipo. Ufaransa hupatikana kwa chini ya euro 20.

Loki yake ni pete ya chuma yenye pengo, iliyovikwa shingoni mwa mpini. Unafungua bapa, unazungusha pete, pengo linaondoka na chuma cha pete kinaziba njia ambayo bapa lingerudia. Iliongezwa mwaka 1955, na tangu mwaka 2000 pete hiyo inaweza pia kufunga bapa likiwa ndani, jambo zuri kwa kisu kinachokaa kwenye begi. Haina springi, kwa hiyo hakuna springi ya kukatika. Mchanga ukiingia, isuuze.

Kasoro zake ni za kweli. Inahitaji mikono miwili kuifungua. Haina klipu ya kuning'inizia mfukoni. Ncha yake ni nyembamba na itakatika ukiitumia kufungulia skrubu. Na mbao inavimba ikilowa, jambo lenye swali lake hapo chini.

Na Okapi je?

Okapi ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya masoko ya makoloni ya Kijerumani Afrika, na ikapewa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini na uko huko mpaka leo. Utaitambua kwa mapambo ya mwezi na nyota kwenye mpini na kwa pete ndogo mgongoni. Bapa linapofunguka linapita kwenye meno ya loki na kutoa mlio wa krrr. Kulifunga, unavuta pete ili springi iliyo mgongoni iachie meno.

Ni kisu cha shamba hasa. Chuma chake cha kaboni kinanoleka kwenye jiwe lolote, na kikiharibika vibaya unaweza kuanza hata na tupa. Mpini ni mrefu, unajaa mkononi. Lakini ukikipima kwa vigezo vya hapo juu, hakipati alama za Opinel: makali ya kiwandani mara nyingi ni ya kukwaruza, bapa hutikisika kidogo hata kikiwa kipya, na pete inaweza kunasa kwenye kitambaa cha mfuko. Kuna pia suala la sifa. Afrika Kusini na Jamaika kisu hiki kimehusishwa na ugomvi wa mitaani, na mlio wake ukisikika kwenye daladala au matatu hautakuletea marafiki. Kwa mtu wa ofisini nashauri Opinel. Kwa anayekata vipando, kamba za mbuzi na miwa kutwa nzima, Okapi inastahili bei yake.

Vipi kuhusu Victorinox, ile nyekundu ya Uswisi?

Kama unahitaji mkasi, bisibisi na kifungua kopo pamoja na bapa, chukua hiyo. Ubora wake hautofautiani kisu hadi kisu, na hicho ni kitu adimu. Mifano midogo ya milimita 58 ni ya bei ya chini na inaning'inia kwenye funguo. Ile ya milimita 91 ndiyo ya kawaida. Jihadhari na za bandia, ambazo zimejaa: kwenye ya kweli kila zana hufunguka na kufunga kwa mlio mkavu ulio wazi, hakuna mwanga unaopita kati ya vipande, na jina limechapwa kwenye kitako cha bapa kwa herufi safi. Mkasi ndio mtihani mwepesi kuliko yote. Wa bandia hautakata uzi mmoja.

Je, loki ni lazima?

Si lazima. Victorinox nyingi hazina loki. Springi ya mgongoni tu ndiyo inayoshikilia bapa, na ukisukuma mgongo kwa nguvu linajikunja. Mtu anayejua hilo hupeleka nguvu upande wa makali tu na wala hachomi kwa ncha. Ukiwa na kazi ya kutoboa, au mikono yako huwa na maji na mafuta, chukua kisu chenye loki.

Visu vingi vya kufunguka kwa mkono mmoja vina loki ya kipande cha bati kilichopinda ndani ya mpini, kinachoruka na kukaa nyuma ya bapa. Kiangalie vizuri: unene wote wa kipande hicho uwe umeingia nyuma ya kitako cha bapa, usiwe umegusa kwa ukingo tu. Hapa ndipo visu rahisi hudanganya.

Visu vya kuruka kwa kubonyeza kitufe vinafaa?

Hapana. Nchi nyingi zinavikataza, Uingereza ikiwa imefanya hivyo tangu mwaka 1959, springi zake za bei ya chini hulegea, na havikukatii chungwa vizuri kuliko vingine.

Naishi pwani. Kutu nitaiweza?

Chukua cha chuma cha pua na utakuwa umemaliza nusu ya shida. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja inaweza kukiwekea kisu cha kaboni madoa ya kutu kwa usiku mmoja kikiachwa na unyevu.

Ukipenda cha kaboni, kama mimi, kubali kwamba kitabadilika rangi. Embe, ndimu na kitunguu vitakiachia madoa ya kijivu na buluu, na rangi hiyo si kutu. Inakipa bapa kinga kidogo. Kutu ni ile nyekundu, na hiyo iondoe mara moja kwa majivu laini na kitambaa chenye unyevu. Kila ukimaliza kukata tunda, kifute na kukikausha kabla ya kukifunga, na pakia mafuta kidogo sana. Mafuta ya nazi yanafaa kwa kisu kinachogusa chakula. Ya alizeti hugeuka gundi baada ya muda na kufanya pini iwe nzito. Mafuta ya cherehani yaishie kwenye pini tu.

Mpini wa mbao umevimba na bapa halitoki. Nifanye nini?

Usivute kwa meno wala kwa koleo. Hakikisha pete haijafunga, shika kisu kikiwa kimekunjwa, kisha gonga kitako cha mpini kwenye meza au jiwe. Bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Wenyeji wa Savoie wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi. Halafu kiache kikauke kivulini siku kadhaa, si juani, kwa sababu jua kali hupasua mbao. Kikikauka na bado kinabana kila masika, piga msasa mwembamba kidogo ndani ya ufa, pale karibu na pini, na upake mafuta au nta ya nyuki iingie kwenye mbao.

Nakinoa vipi bila vifaa vya gharama?

Kinoo cha kawaida cha pande mbili, upande wa mchanga mkubwa na upande laini, kinatosha kwa miaka. Kilowanishe. Laza bapa juu yake kisha inua mgongo wa kisu kiasi cha milimita 6. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2 hiyo ni kati ya digrii 15 na 20, pembe inayofaa kisu cha mfukoni. Ukitaka uhakika, panga sarafu chache chini ya mgongo uone kimo, kisha uziondoe na ukishike kimo hicho kwa mkono.

Sukuma kutoka kitakoni hadi nchani, upande mmoja tu, mpaka uhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Uupapase kwa kutelezesha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usifuate urefu wa makali. Uzi huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye ukingo wenyewe, na wengi huacha kabla ya hapo, ndiyo sababu wanasema kisu chao hakinoleki. Ukiupata kote, geuza upande. Kisha hamia kwenye jiwe laini, punguza nguvu, na badilisha upande kila mkupuo mpaka uzi uishe.

Kama huna kinoo, geuza kikombe cha kaure. Ile duara ya chini isiyong'aa ni jiwe laini zuri kwa kurudisha makali yaliyochoka kidogo. Malizia kwa kulivuta bapa kinyumenyume mara kumi hivi kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi. Kisu kikate gazeti bila kuchana.

Zile mashine za kuvuta kisu katikati ya magurudumu mawili sizipendi. Zinakwangua chuma kingi na kuacha makali yenye meno.

Polisi wakinikuta nacho?

Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinaadhibu kwenda na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu. Kisu kidogo cha kukunja, kilicho ndani ya begi pamoja na zana zako au chakula chako, kinaeleweka. Kisu hichohicho kiunoni kwenye mkutano wa siasa, uwanja wa mpira au baa usiku ni habari nyingine. Usiende nacho mahakamani, benki, shuleni wala penye umati, na kazi ikiisha kifunge.

Walio ughaibuni wasome sheria za huko kabla ya kununua. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kinaruhusiwa kubebwa bila kutoa sababu, mradi hukusudii kumdhuru mtu. Chenye loki kinahitaji sababu nzuri, na kosa linaweza kukupeleka jela hadi miaka 4. Kwa hiyo Opinel nambari 8, yenye loki na sentimita 8.5, haifai mfukoni London, ila Victorinox ndogo inafaa. Ujerumani hukataza kubeba bila sababu ya msingi kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja, na tangu Oktoba 2024 masharti ya visu kwenye sherehe za hadhara yamekazwa zaidi.

Kwenye ndege?

Kiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, si lile la mkononi. Kagua mifuko ya koti na funguo zako kabla ya kutoka nyumbani.

Naweza kumpa mtoto?

Opinel hutengeneza nambari 7 yenye ncha ya duara kwa ajili ya watoto, na nadhani ni njia sahihi: ncha butu, makali mazuri. Mtoto huumia zaidi kwa kisu butu, kwa kuwa hukikandamiza. Mfundishe akiwa ameketi, akikata kuelekea mbali na mwili na mkono mwingine, na ukae naye.

Kisu changu kimelegea. Kinakazika?

Tazama pini. Ikiwa ni skrubu, kaza robo ya mzunguko, jaribu, kaza tena, ukiacha pale bapa linapofunguka bila kukwama. Tone dogo la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu litaizuia isilegee tena. Ikiwa ni ribiti, kama kwenye Okapi, laza kichwa kimoja juu ya chuma kigumu na gonga kingine kwa nyundo ndogo, kwa upole, ukijaribu bapa kila baada ya pigo, kwa kuwa ukizidisha kulegeza tena ni vigumu. Lakini kama kinachotikisika ni loki na si pini, acha kukitumia kwa kazi yoyote inayosukuma.